Kigari cha Mzee Simbeye na Konzi ya Mahindi

Nyinyi mliobaki karakanani mlinipa daftari jipya siku ya kuniaga, mkasema, "Mama Eliza, tuandikie ulivyofanya kazi." Daftari lenyewe lina kurasa nyingi kuliko maneno yangu, lakini nitajaribu. Vyeo sitaviandika. Vilikuwa viwili na vyote mnavijua. Mshahara nao haukuwahi kuchukua nafasi kubwa mfukoni, sembuse hapa. Nitaandika juu ya mistari ya barabarani na kigari tulichotumia kuipaka, maana kuna wenzenu wapya wanaodhani mistari ya huku kwetu ilianza na ile mashine ya dizeli iliyoletwa juzi.

Kabla ya kazi hii nilikuwa Tunduma naandika vibao. Bucha, saluni, duka la vipuri, kanisa, wote niliwaandikia, na herufi zangu zilisimama wima hata mwenye duka akiwa ameinamia madeni. Siku moja nilikuwa juu ya ngazi naandika "Mchele wa Kamsamba" kwenye ukuta wa mfanyabiashara mmoja. Chini akasimama mzee mfupi, miwani imefungwa kisogoni kwa kipande cha mpira wa tyubu. Alitazama mpaka nikamaliza herufi ya mwisho. Huyo ndiye Mzee Simbeye, Mnamwanga wa Momba, fundi wa kuchomelea katika idara yetu.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kuandika naona unajua. Kutembea je?"

Nilidhani ananitania. Wiki iliyofuata niliripoti karakana ya Vwawa nimevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Ilipofika saa nne asubuhi blauzi ilikuwa na mistari ya njano, na barabara ilikuwa bado haijapata hata mmoja.

Kigari nilikikuta ndani ya banda, kimefunikwa gunia. Mzee Simbeye alikitengeneza kwa mikono yake baada ya jaribio lake la kwanza kumwaibisha. Alikuwa amejaribu kupaka kwa bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya kahawa. Rangi nzito iliziba mdomo wa bomba, akapampu kwa hasira, likapasuka, akarudi nyumbani akiwa mweupe kuanzia kiunoni kwenda chini. Mkewe alimfungulia mlango wa jikoni.

Basi akaachana na mabomba. Fremu ya kigari ilitoka kwenye kitanda cha chuma. Gurudumu la mbele lilikuwa la toroli, mawili ya nyuma ya baiskeli ya mtoto. Katikati aliweka sanduku la bati lililokatwa kutoka kwenye debe, lenye mwanya chini wa upana wa inchi nne, na nyuma ya mwanya kipande cha tairi cha kulainisha rangi inapotoka. Mwanya ulifunguliwa na kufungwa kwa breki ya baiskeli iliyofungwa kwenye mshikio. Ndani ya sanduku kulikuwa na pangaboi dogo lililozungushwa na mnyororo kutoka gurudumu la nyuma, ili rangi isitulie wala kuganda. Ukitembea, inakorogwa. Ukisimama, inasimama. Tulikiita Bi Harusi, kwa sababu kilikwenda polepole na kila mtu alilazimika kukipisha.

Mkidhani kusukuma kigari ni jambo dogo, kajaribuni. Mstari wangu wa kwanza uani mwa karakana uliyumba mpaka dereva wa greda akauliza nimekunywa nini. Nilikuwa natazama gurudumu. Mzee Simbeye akafunga kitambaa chekundu kwenye jiwe, akaliweka mwisho wa ua.

"Ukitazama gurudumu, kila kijiwe kitakupeleka kinakotaka," akasema. "Tazama kitambaa. Gurudumu niachie mimi, nililichomelea."

Siku tatu nilisukuma kigari kikiwa na maji tu, nikichora mistari ya maji inayokauka nyuma yangu. Siku ya nne akanitilia rangi. Mstari ulinyooka. Nilisimama mwisho wa ua nikiutazama na nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Kazi ya kwanza ya kweli ilikuwa Tunduma, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Tulipaka asubuhi, tukapanga madumu ya mchanga kuzuia magari, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, foleni ilikuwa imesogea. Malori kama kumi yalikuwa yamepita juu ya rangi mbichi, na alama nyeupe za matairi zilielekea mpakani moja kwa moja. Mstari wetu uliingia Zambia bila pasi. Dereva mmoja wa huko, aliyekuwa amelala chini ya trela lake, alituchungulia akacheka, akatuamkia kwa Kibemba.

"Mukwai, mama, mnatuchorea njia ya kurudi nyumbani?"

"Toka huko chini kwanza, tusije tukakupaka na wewe."

"Natotela mukwai, asante sana, nipakeni, mke wangu atanitambua."

Tangu siku ile hatukunywa chai kabla rangi haijakauka. Mliozoea kunicheka kwa kutembea na chupa yangu ya chai barabarani, sababu ndiyo hiyo.

Tulikwenda mpaka Kamsamba, kupaka mistari ya kupangia magunia kwenye sakafu ya ghala la mpunga. Joto la bondeni lilikausha rangi mdomoni mwa sanduku kabla haijashuka. Mzee Simbeye alilivisha sanduku gunia lililoloweshwa maji, akawa analimwagia kila tukifika ukutani. Jioni tulijaza magunia mawili ya mchanga safi wa mto Momba, tukaupitisha kwenye chekeche la unga. Mchanga huo, ukirushwa juu ya rangi mbichi, unaizuia isiteleze. Mtu asiwaambie siri hiyo tuliipata kwenye kitabu. Mzee aliteleza kwenye mlia mbichi pale Mlowo, mbele ya watu waliotoka kanisani, na akaanza kufikiri akiwa bado amekaa chini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Tulipata Injinia mpya, kijana, viatu vinang'aa. Hakuwa mtu mbaya, ila alitoka mahali ambako kila kitu kina injini. Siku aliyokiona kigari alikizunguka mara mbili, akabana breki, akaachia.

"Mzee, hiki ni kitanda," akasema.

"Kilikuwa kitanda," Mzee Simbeye akajibu.

Injinia alitaka mistari yote ipakwe na mkandarasi mwenye mashine. Shida ni kwamba mkandarasi angekuja kwa mistari ya katikati ya barabara kubwa tu. Vivuko vya shule na zahanati vingesubiri mpango mwingine, na mnajua mipango inavyosubiriwa. Pale Ihanda kulikuwa na shule ya msingi iliyokaa kando kabisa ya lami, na watoto zaidi ya nusu walitoka ng'ambo. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mgala, alikuwa anasimamisha malori kila asubuhi kwa kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mpini wa jembe. Mwaka ule mtoto wa darasa la pili alikuwa amevunjwa mguu na pikipiki akivuka. Mzee Simbeye alimwambia Injinia kwamba tunaweza kupaka kivuko cha milia pale, yaani zebra, kwa kigari chetu, na kikadumu.

Injinia akafikiri. "Sawa. Pakeni. Masika yakiisha nije nione. Nikiikuta, kigari kinabaki na nitawapa shule zote za wilaya. Nisipoikuta, kinakatwa chuma chakavu, na shule zitamsubiri mkandarasi."

Mzee Simbeye alikuwa amebakiza chini ya mwaka mmoja kustaafu. Alikubali kwa kichwa tu. Tulipotoka nje alikwenda moja kwa moja bandani, akaanza kutia mnyororo wa kigari mafuta.

Tulikwenda Ihanda mwezi wa saba. Mnajua mwezi wa saba Mbozi ukoje: mahindi yameanikwa kila penye lami. Mbele ya shule tulikuta mahindi ya mama mmoja mzee, Bibi Namonje, yametandazwa mpaka karibu na katikati ya barabara. Tulimwomba ayasogeze. Akayasogeza, akinung'unika. Tukafagia mara moja, tukapiga uzi wa kuonyesha mistari, tukapaka. Mlia mmoja wa zebra ni upana wa mapito matano ya kigari, na tulipaka milia minane. Ilipendeza mno. Mwalimu Mgala alitoka na darasa zima kuja kuitazama.

Wiki tatu baadaye Bibi Namonje aliingia karakana ya Vwawa na debe kichwani.

"Nyinyi ndio wenye rangi?"

"Ndiyo, mama, karibu," nikasema.

"Sijaja kukaribishwa. Nimewaletea rangi yenu."

Akamimina mahindi kwenye sakafu. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeupe, vingine vikubwa kama kiganja. Wenzake waliendelea kuanika pale pale, na kila walipokusanya mahindi kwa ufagio, zebra yetu ilikwenda nayo.

"Semeni nyinyi wasomi," Bibi Namonje akatuambia. "Hii nisage nipike ugali, ama nipake ukuta?"

Mzee Simbeye aliokota kipande, akavua miwani, akakigeuza. Kisha akanipa. Mgongoni mwa rangi kulikuwa na makapi ya mahindi, yameganda safu nzima, meupe na mekundu.

"Hatukupaka barabara, Eliza," akasema. "Tulipaka makapi."

Nilitamani ardhi inimeze. Wa kulifikiria jambo hilo tulikuwa sisi, wana wa wakulima tuliolelewa kwenye vumbi hilo hilo, na hatukulifikiria. Angekuwa mgeni wa Dar es Salaam ningemsamehe.

Mzee hakuficha. Alikwenda mwenyewe kwa Injinia na kipande mkononi, akakiweka mezani. Nilisimama mlangoni.

"Imebanduka," akasema. "Kosa ni letu, si la kigari. Nipe mpaka mvua ya kwanza."

Injinia alikichukua kile kipande, akakigeuza upande wa makapi. "Mpaka mvua ya kwanza," akasema. "Na sharti ni lile lile. Hakuna mara ya tatu, mzee."

Tulirudi Ihanda kuomba radhi. Bibi Namonje hakutaka maneno yetu. Alitandika mkeka, akatuwekea magunia matatu, akasema, "Chambueni." Mchana kutwa mimi na Mzee Simbeye tulitoa vipande vya rangi kwenye mahindi, tumekaa kama wakwe waliokuja kuposa wakapewa kazi. Yeye alikuwa anaanika mengine pembeni, na hapo ndipo nilipoanza kumtazama.

Alifagia lami kwa ufagio mgumu wa vijiti. Akafagia tena kwa ufagio laini, kuelekea upande ule ule upepo unakokwenda. Akafuta kwa gunia bichi, akaiacha ipigwe na jua. Halafu akarusha konzi moja ya mahindi, akayasugua juu ya lami kwa kiganja, akaokota punje moja akaing'ata. Akatema. Akafagia tena.

"Mama, unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Mchanga. Meno yakisema krr, bado chafu." Akanitazama. "Kwani nyinyi mkimaliza kufagia, mnang'ata nini?"

Mzee Simbeye aliacha kuchambua. Kila mmoja wetu pale alikuwa ameng'ata punje tangu utotoni kujua kama mahindi yamekauka. Kung'ata punje ili kujua kama barabara ni safi, hilo hatukuwahi kuliwaza. Mzee aliinuka, akaokota punje kutoka pale tulipokuwa tumepaka, akaing'ata. Mlio wake niliusikia mimi kutoka mkekani.

Mwezi wa tisa, mahindi yakiwa ghalani, tulirudi kupaka. Safari hii tulimwomba Bibi Namonje awe mkaguzi. Tulikwangua mabaki yote, tukafagia, tukafuta, tukaacha jua liikaushe lami mpaka saa tano, maana umande wa Mbozi nao ni adui. Tukarusha mahindi. Akang'ata.

"Bado."

Tukafagia tena. Akang'ata.

"Bado, upande wa shuleni."

Mara ya tatu ni Mzee Simbeye aliyeanza kununa. Mara ya nne Bibi Namonje alitafuna punje yote, taratibu, akaimeza.

"Hapo hata mtoto unaweza kumwekea uji," akasema. "Pakeni."

Nilisukuma mimi. Mapito arobaini, macho kwenye kitambaa chekundu, Mzee Simbeye akitembea pembeni na kurusha mchanga wa Momba juu ya rangi mbichi. Mwalimu Mgala alishikilia magari upande mmoja na mwalimu mwenzake upande wa pili, na madereva wakapiga honi mpaka wakachoka. Tulipomaliza, Bibi Namonje aliwaita wanawake wenzake wanaoanika pale. "Mnaiona hii milia? Atakayemwaga mahindi juu yake, nitamwanika yeye."

Kisha mvua zikaja.

Nikiri kwamba miezi ile nilikuwa na hofu kila siku. Kila nikipanda basi kwenda Tunduma nilikaa dirishani upande wa kulia ili nione. Matope yalikuwa yanafunika kivuko, malori yanasaga, maji yanateremka kutoka mashambani. Mzee Simbeye hakutaka kwenda kuiona. Kila Jumatatu aliniuliza bila kuinua uso kutoka kwenye kazi yake.

"Ipo?"

"Kuna matope, mzee. Sijaona vizuri."

Mwezi wa nne mvua zilipungua na Injinia akatuchukua kwenye gari lake. Mzee Simbeye alikaa nyuma na mimi, kofia magotini. Tulipofika Ihanda hakukuwa na zebra. Kulikuwa na utando mkavu wa tope jekundu kutoka ukingo mpaka ukingo. Injinia alishuka, akatazama, akatoa pumzi.

"Pole, mzee," akasema, na alisema kwa moyo.

Bibi Namonje alikuwa amekwisha kutuona. Alitoka kwake na ndoo ya maji na ule ufagio wake mgumu, hakumwamkia mtu, akamwaga ndoo nzima katikati ya barabara, akafagia. Tope likaondoka. Chini yake mlia ukatokea, mweupe, kingo zake zimenyooka kama siku ile nilipoupaka. Akamwaga ndoo ya pili. Mlia wa pili. Nikachukua ufagio wa shule nikaungana naye, na wanafunzi wakaleta maji kwa ndoo, vikombe na makopo, mpaka yote minane ikawa wazi juani.

Injinia alipiga magoti na ufunguo wa gari akakwangua. Akakwangua tena, kwa nguvu.

"Utaumaliza ufunguo, baba," Bibi Namonje akamwambia.

Akatoa futi ya kupimia. Akapima mlia wa kwanza, wa nne, wa nane. Upana ulikuwa sawasawa. Akasimama, magoti yake mekundu, akamtazama Mzee Simbeye.

"Mlifanyaje?"

Mzee alimwonyesha Bibi Namonje kwa kidevu. Bibi Namonje alitoa punje chache kwenye pindo la kitenge, akazisugua kando ya mlia pale palipobaki vumbi, akampa Injinia moja. "Ng'ata."

Injinia aling'ata. Nilimwona uso ukikunjamana. Halafu Bibi Namonje akampa nyingine aliyoisugua palipooshwa. Aling'ata, akatafuna, akaanza kucheka, na Mzee Simbeye akacheka mpaka miwani ikaning'inia sikioni.

Wakati huo lori kubwa lilikuwa linashuka kutoka upande wa Tunduma. Mwalimu Mgala aliinua mpini wake wenye kitambaa, lakini Bibi Namonje akamshusha mkono. Akajitwika ndoo tupu, akaingia kwenye zebra peke yake. Mimi nilishika mdomo. Breki zikalia, lori likapunguza, likasimama kabla ya mlia wa kwanza. Dereva akatoa kichwa dirishani, akaangalia chini, akaiona milia. Bibi Namonje akavuka kwa mwendo wa mtu aendaye kupokea zawadi. Alipofika ng'ambo akageuka, akarudi. Alipofika kwetu akageuka tena, akavuka mara ya tatu, na nyuma yake shule nzima.

Injinia alitimiza neno lake. Tulipaka shule zote za wilaya, kisha Ileje, mpaka Ikinga, ambako kulikuwa na lami fupi kuliko foleni ya watu waliokuja kututazama. Mzee Simbeye alistaafu na kigari kikiwa kizima, akarudi Momba kulima. Amefariki, na hakuna siku niliyoshika breki ile bila kumkumbuka.

Sasa mmepata mashine ya dizeli na mimi nimeondoka. Siku ya makabidhiano mtunza stoo alikuwa anaandika vitu vyangu kimoja kimoja, na Injinia, ambaye sasa ana mvi na viatu vya kawaida, alikuwa amekaa pembeni akisubiri kutia sahihi. Kigari kimoja. Uzi wa kupigia, roli mbili. Kitambaa chekundu. Chekeche. Nikaweka mezani kikopo changu cha plastiki. Mtunza stoo akakifungua.

"Mama, humu kuna mahindi."

"Ndiyo, konzi moja."

"Sasa haya nayaandikaje? Siyo kifaa."

Injinia alinyoosha mkono, akachukua punje moja kwenye kikopo, akaitia mdomoni.

"Andika," akasema, akitafuna. "Yaandike ya kwanza."